Pembe ya Nne

Simu imetetemeka,
mshahara umefika,
nami mikate naoka,
niko zamu tanurini.

Ni thelathini kasoro,
makato yatia kero,
kilobaki ni kiporo
cha jasho langu, wendani.

Mume wangu apakua
magunia yakitua;
meli isipotokea
hapati hata thumuni.

Juzi alikuja bwana,
tai shingoni yabana,
akanena kwa bayana:
“Pesa zenu zigaweni.

Nusu iwe ya lazima,
ya paa, chungu na homa;
hamu ifuate nyuma,
akiba ikae ndani.”

Ubao akauchora
kama chapati duara,
ikakatwa barabara,
nikaipenda moyoni.

Kadzo kauliza pole:
“Ukiimeza mchele
hino nusu, tusilale?”
Akatazama saani.

Bahasha sizitumii,
za simu hazitulii;
nazitoa, sikawii,
kwa wakala Magongoni.

Nina leso ya kisutu,
imechujuka, si kitu;
nikafunga fundo tatu
moja moja, kwa makini.

La kwanza likavimbiwa:
kodi, umeme, maziwa,
mitungi ya kukokotwa,
bomba lakohoa ndani.

La pili nikalibana:
udi wa kufukizana,
halua ya kutafuna,
mabuyu ya Majengoni.

Mselemu akacheka:
“Udi ni haja, hakika!
Pasi nao nitatoka
nikalale barazani.”

Udi nikauhamisha
hadi fundo la maisha;
lugha imenichekesha:
haja na hamu ni nini?

Sauda ataka njumu,
yu timuni, ni muhimu;
je, ni haja ama hamu
kiatu cha uwanjani?

La tatu dogo, la siri,
kama punje ya shairi,
la kununua tanuri
nioke kwangu uani.

Leso nikaitandaza,
pembe moja yashangaza:
bwana wa tai kasaza
hino, ya nne, pindoni.

Simu mara ikalia:
mama dawa zaishia;
jirani kafiwa pia,
changeni, watu, changeni.

Mama yu ng'ambo, Mtongwe,
dawa za sukari anywe,
na ya macho atiliwe,
na mimi niko zamuni.

Makame, mpwa, karudi,
ada yake imezidi,
hawapokei ahadi;
begi liko mgongoni.

Hawa niwatie wapi?
Mama ni tamaa vipi?
Msiba ni haja? Ipi?
Bwana hakutaja, kwani?

Duara lake la wino
halina mtu, mkono;
kwetu pesa ni maneno
ya mama, mpwa, jirani.

Sauda kanena: “Mama,
njumu zangu weka nyuma,
Makame ende kusoma,”
macho yake sakafuni.

Halua nikaifuta,
la tanuri nikavuta
noti mbili kwa kusita,
nikazifunga pembeni.

Sisemi nina huruma:
mwaka jana, ile homa,
pembe zao zilisema
nilipokuwa wodini.

Tanuri litangojea,
fundo halikupotea,
gizani nalichezea,
limekonda tu mwilini.

Bwana wa tai akija
nitamwomba jambo moja:
asikate, kwanza ngoja
watu wajae mezani.