Mtoto wa Sita

Nyuma ya nyumba yetu, Uthiru,
kati ya tangi la maji na kamba ya nguo,
tunafuga kuku watano na jogoo.
Kibanda alikigongomea baba yao Jumapili moja
kwa mbao za kitanda kilichovunjika,
ndiyo maana mlango wake una maua ya kuchongwa
na kuku wetu hulala kama maharusi.

Majina waliwapa watoto. Sikuulizwa.
Jogoo ni Waziri: huahidi asubuhi saa tisa ya usiku.
Mweupe ni Bi Stima, kwa kuwa hupotea bila taarifa.
Na yule mwekundu, mzito, mwenye jicho la mdai,
ni Mama Ploti.
Naomba mwenye ploti asije akasikia.

Ninao wawili: Syombua, miaka saba, mwenye mipango,
na Kithome, mitatu na nusu, mwenye kutekeleza.
Juzi walimkogesha Bi Stima kwa sabuni yangu ya uso,
wakamviringisha taulo, wakamweka juani kama sweta.
Jana Kithome aliingia ndani mashavu yamejaa.
Nikasema tema.
Akatema punje za mahindi, moja moja, kiganjani mwangu.
"Waziri alinikaribisha."

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura,
hunena mama mkwe kwenye simu kutoka Wote,
nami naitazama sukuma wiki yangu
iliyochakurwa na miguu minane,
minne imevaa ndara.

Mwezi wa nne, mvua ikipiga mabati,
Mama Ploti alikataa kutoka.
Alivimba, akanuna,
akalalia mayai sita katika beseni bovu.
Nikawaambia watoto: siku ishirini na moja,
na mkono wa mtu usiingie humo.
Syombua akaanza kuchora mistari ukutani kwa kaa.
Nilisema mkono.
Sikusema kingine chochote kisiingie.

Kesho yake nilitafuta avokado ya chakula cha mchana.
Nilinunua mbili kwa Mama Adongo, nikaona moja.
Nikamlaumu baba yao. Akakana.
Nikamlaumu tena kwa jinsi alivyokana.

Mistari ilipofika mwisho wa ukuta
tulipata vifaranga watano na yai moja viza.
Na chini ya bawa, karibu na kifua,
pale penye joto kuliko kitanda chochote humu ndani,
kitu cheusi, kimelegea, kimechanika ganda.
Kokwa limepasuka katikati,
na kimzizi cheupe kinachungulia
kama mdomo unaotaka kuomba kitu.

Baba yao alicheka hadi akaketi juu ya ndoo.
Mimi nilikwisha shika kiuno, maneno yako mdomoni,
lakini Kithome alikuwa amechuchumaa,
kamasi inashuka, kidole kinahesabu:
tatu, nne, tano,
kidole kikatua juu ya kokwa,
sita.
Syombua wala hakushangaa.
"Mama Ploti habagui," alisema,
akaenda kunawa bila kuambiwa,
mara ya kwanza mwaka huu.

Wa sita tulimpanda katika mkebe wa rangi.
Kithome akamwekea maji na punje chache za mahindi,
asije akalala njaa.
Siku tatu alikaa salama.
Siku ya nne, nikisonga ugali,
nikasikia mkebe ukigaagaa, udongo ukirushwa ukutani,
na binti yangu akipiga kelele hadi kwa jirani:
"Huyo ni mtoto wako! We! Huyo ni mtoto wako!"

Mama Ploti akainua kichwa, wanawe watano nyuma yake.
Akamtazama Syombua kwa lile jicho.
Akaendelea kuchakura.

Nilitoka na mwiko mkononi, unga umenishika vidole,
nisijue nimtetee nani.