Ndoo ya Nestor

Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri
na ng'ombe hawajui hesabu. Wanajua nyasi,
na nyasi ziko ng'ambo ya uwanja, marobota ya kilo mia sita,
na trekta imegoma.
Stata inaguna mara moja, kisha kimya:
oili imekuwa lami.

Kwa hiyo nimesimama mbele ya rafu dukani kwa Lorne,
buti zikinichuruzika maji sakafuni.

"Ipo ya sumaku. Unaibandika chini ya sampu, basi."
Basi! Nilale chali thelujini kila usiku,
mimi wa miaka sabini na mmoja?
"Ipo ya kuchovya, mahali pa kijiti cha kupimia oili."
Naiona nyembamba kama sindano ya magunia.
Hiyo itapasha kikombe cha chai.
Ipo ya kukatia mpira wa rejeta, ina pampu yake,
bei yake ndama mzima.
Na ipo ya kuzama ndani ya bloki, wati elfu moja,
inakunywa umeme kama mlevi siku ya mshahara,
labda uifungie saa, iamke yenyewe alfajiri.

"Nestor alitumia ipi?" anauliza Lorne,
kisha anaanza kupanga risiti zilizokwisha kupangwa.

Nestor alitumia ndoo.
Jioni aliikamua oili yote ingali vuguvugu,
akaileta jikoni, akaiketisha kando ya jiko kama mgeni.
Miaka thelathini nyumba yangu ilinuka gereji.
Miaka thelathini nililalamika.
Asubuhi aliibeba kwa mikono miwili,
akainywesha injini polepole, kama mgonjwa uji.

Nimenunua ya bloki. Na saa yake.

Nyumbani nafungua boneti, vidole vimekufa ganzi,
natafuta pa kuipachika,
nakuta waya.
Umekunjwa nyuma ya rejeta, umefungwa kwa kamba ya marobota,
fundo lile lile lake, la mtu wa mkono wa kushoto.
Hita imo. Imo tangu sijui lini.
Plagi tu ndiyo iliyoliwa na panya.

Plagi mpya ni dola nne, Nestor. Dola nne!

Nikamtukana kwa Kiukreni, kwa sauti,
mbwa akatoka bandani kuangalia.
Halafu nikafunga plagi, nikachomeka,
nikasikia bloki ikianza kunong'ona
kama birika la jirani.

Ile mpya iko mezani, bado kwenye boksi.
Lorne hupokea marejesho ndani ya siku kumi na nne.
Ndoo sijaisogeza.