Nusu ya Dua

Wakili Tarapada anataka ushahidi wa hofu.
Si wa mafuta, si wa sufuria, hayo yana siku yake.
Leo, asema, jaji atauliza jambo moja tu:
mama huyu ana sababu gani ya kuamini atakamatwa?

Nimwambie nini?
Kwamba tangu Jumanne silali kwangu,
nalala darini kwa dada, kandambili miguuni,
na kila pikipiki ikipunguza mwendo
moyo nao unapunguza?
Kwamba miaka kumi na tisa nimepikia shule,
wali haukuungua hata siku moja,
na jana, chungu cha watu wanne, nimekiunguza?
Hayo hayaandikiki, asema.

Basi namtaja polisi Haradhan.
Alikuja usiku bila kofia, akasimama nje ya ua,
akasema kama anayezungumza na mbuzi:
jina lako limo. La mwalimu mkuu halimo.
Mwanawe hula kwangu. Hapendi dengu, humwongezea viazi.
Wakili akaweka kalamu chini.
Huyo naye hatumwandiki. Atafukuzwa kazi.

Nje ya mahakama ya Purulia, chini ya turubai la buluu,
mpiga chapa mwenye mvi masikioni anagonga:
Mwombaji ana hofu ya kukamatwa wakati wowote.
Kisha anakosea. Badala ya hati ya kiapo
ameandika hatia ya kiapo.
Anacheka, anaipaka rangi nyeupe, anaipuliza ikauke.
Herufi moja tu, mama.
Naitazama ile a chini ya rangi.
Haikwenda popote, imefunikwa.

Kinga ni bora kuliko tiba,
lilisema bango la zahanati walikolazwa watoto.
Thelathini na mmoja walitapika. Thelathini wamerudi kwao.
Phuli bado yuko Bankura, dripu mkononi.
Niliyanusa yale mafuta. Nilisema yananuka.
Mwalimu mkuu akasema pika, watoto wana njaa.
Nikapika.
Neno hilo la mwisho halimo katika aya zote kumi na moja,
na sikumwomba mpiga chapa aliongeze.

Kila alfajiri namwombea Phuli.
Naomba apone kwa kuwa ana miaka saba
na hulamba kijiko pande zote mbili.
Na naomba apone kwa kuwa wakili ameniambia
akifa, kifungu kinabadilika, dhamana tuisahau.
Sijui Mungu anazitenganishaje dua mbili
zilizotoka kinywa kimoja, kwa pumzi moja.
Nusu ni yake.
Nusu nyingine naionea haya.

Ada: mbuzi wawili na herini za mama.
Mdhamini: kaka Nibaran, na shamba lake la mawe,
ambalo jaji alilisoma kwa sauti, pande zote nne za mpaka,
hata kaka akanyoosha mgongo.
Kesi yetu ilikuwa ya arobaini na mbili. Dakika nne.
Nilikwenda kuomba nilichokuwa nacho,
miguu yangu, usiku wangu, komeo la mlango wangu,
nikakopeshwa mpaka tarehe kumi na nne.
Masharti: asiwaguse mashahidi.
Afike kituoni kila aitwapo.
Asitoke nje ya wilaya bila idhini.

Miaka hamsini na tatu sijawahi kutoka nje ya wilaya.
Sikuwa na haja.
Sasa niko stendi, karatasi kifuani,
na utingo anaita Bankura, Bankura, nafasi moja,
nayo Bankura ni wilaya ya pili.

Nina machungwa mawili.
Nimechagua machungwa kwa kuwa yana ganda,
hakuna atakayesema nimeyatia kitu.
Nampa utingo, na nauli ya kiti nisichokikalia.
Wodi ya watoto, namwambia.
Akiulizwa nani katuma,
usitaje jina.
Limeshaandikwa vya kutosha.