Kosa la Chapa

Jumanne akaja kijana wa shati la kitani
dukani kwangu Makadara, mashine mbili na feni moja.
"Bi Zuhura, nichapie hii. Usiulize."
Sikuuliza. Shilingi thelathini ukurasa hainunui maswali.

Kifungu cha tisa: kampuni yenye ghala kumi na zaidi
haitatozwa ushuru wa makontena.
Nikawahesabu kwa vidole wenye ghala kumi pale Shimanzi.
Mkono mmoja ulinitosha, gumba likabaki.

Feni ikapeperusha karatasi, jicho likaruka,
"ghala" nikaliandika "ghali".
Akalipa. Akaenda zake.

Alhamisi redio ikatuletea Bunge.
Mheshimiwa wetu, yule niliyempangia foleni alfajiri,
akasimama na "mawazo yangu binafsi, Bwana Spika",
kifungu cha tisa, neno kwa neno,
hata akafika "kampuni yenye ghali kumi".
Akajikwaa. Akameza mate.
Akasoma vivyo hivyo.

Wanaokubali waseme ndiyo.
Ndiyooo.

Shemeji yangu Mbwarali hushikilia kuwa Bunge ndilo lenye meno.
Sibishani naye, chai itapoa.
Ila najua, katika sheria ile nzima,
neno moja tu limetoka kwetu sisi raia:
ghali.