Dakika Nne

Duka langu linatazamana na stendi ya mabasi, Vratsa.
Natoa nakala: vitambulisho, vyeti, mikataba ya nyumba,
na matangazo ya vifo, maana huku kwetu
marehemu hubandikwa
mlangoni, kwenye nguzo, kwenye mti wa jozi,
picha, jina, miaka,
mpaka mvua imfute.

Jumanne aliingia Tsvetanka na simu ya mwanawe.
"Hii," akasema. "Hapa alikuwa anacheka."
Kaloyan, miaka ishirini na miwili,
mkono juu ya boneti la gari jeupe
kama mtu aliyemshika mchumba bega.
"Likate gari," akasema mama.
Nikalikata. Mkono ukabaki,
vidole vitano vimeshika hewa.

Hakuwa na haraka ya lolote, alinieleza.
Hakuitwa kazini. Hapakuwa na mgonjwa.
Supu ilikuwa jikoni, nayo ingesubiri.
Barabara kavu, jua la Septemba,
na mguu mzito tu,
mzito kama mguu wa kijana yeyote
ambaye hajawahi kuzika.

Ognyan wa trafiki alikuja na ripoti yake,
akanihesabia kwa penseli juu ya kaunta:
Mezdra hadi hapa, kilomita kumi na tano.
Kwa tisini, dakika kumi.
Kwa mia na hamsini, sita.
Akapiga mstari.
"Nne. Hizo ndizo alizochuma."
Akaondoka bila chenji yake.

Mashine yangu kuukuu hutoa karatasi kumi kwa dakika.
Mama alitaka arobaini.
Tukasimama, mimi naye, tukimsikiliza
mwanawe akitoka, akitoka, akitoka,
kila mmoja bado ana joto.

Sijamaliza.
Alasiri akaja mzee Velichko, kofia mkononi,
na picha ya mkewe, Stanimira,
aliyekuwa akivuka na mfuko wa pilipili hoho
akiona gari lile liko mbali.
Lilikuwa mbali.
Kwa mwendo wa watu, lilikuwa mbali.

Naye alitaka arobaini.

Nguzo ya stendi ni moja.
Sijui nani aliwabandika hivyo, bega kwa bega,
Stanimira akitazama pembeni kidogo,
na ule mkono niliouacha bila gari
umenyooka kuelekea kwake,
kama wa dereva aliyesimama,
injini inanguruma polepole,
anamwambia: pita, mama.
Vuka.