Matundu Manne

Leo nimekuja na vioo arobaini na kimoja,
vimeviringishwa magazeti, vimelazwa kwenye guta
kutoka Majengo, polepole, kama mgonjwa wa mgongo.
Kazi: kila mlango wa ofisi ya mwalimu
nikate dirisha, upana viganja viwili,
usawa wa uso wa mtu aliyesimama.
Apitaye nje aone ndani. Basi.
Ndivyo barua ya chuo inavyosema, na muhuri wake.

Julai ya Moshi ina meno. Kibo imejifunika tangu jana.
"Fundi, baridi itaingia," anasema mwalimu wa chumba cha tatu.
Kioo hakipitishi baridi, namjibu,
kinapitisha macho.
Anacheka kidogo. Anahamisha kikombe chake.

Chumba cha saba ki wazi, meza imeshabebwa.
Mlango wa mkangazi. Naujua.
Mwaka juzi mimi ndiye niliyetia komeo hapa,
kwa ndani,
skrubu nne za inchi moja na nusu,
elfu kumi na tano, na soda juu.
Sikuuliza.
Mtu anayefundisha takwimu anakomea nini mchana?
Fundi haulizi, nilijiambia, fundi anapima.

Muhula uleule nilimkuta Aikande ngazini,
kiatu kimekatika ukanda, karatasi zimekunjamana mapajani.
"Supu?" nikauliza.
Akatikisa kichwa, si ndiyo wala si hapana.
Nikaupiga ukanda gundi na msumari mdogo,
nikamwambia supu hupita, dada,
nikaenda zangu.
Gundi nzuri ile, ya kopo jekundu.
Hicho ndicho nilichompa: gundi.

Bi Nakijwa wa dawati la jinsia
alimvutia kiti kinachoelekea mlango,
akamwuliza, tufunge au tuache wazi?
Hakuuliza ulivaa nini.
Hakuuliza ulifuata nini huko saa kumi na moja, peke yako.
Aliandika kwa maneno ya Aikande mwenyewe,
akamsomea, akafuta alipoambiwa futa.
"Hatua ya pili ni yako," akasema.
"Ukitaka polisi, twende wote.
Ukitaka kulala kwanza, lala."
Na ule mtihani ukasahihishwa na mwingine,
mtu asiyemjua hata kwa jina.

Bwenini wakanong'ona:
alitaka maksi, kakosa, sasa anapaka watu matope.
Wawili hawakunong'ona. Walinyamaza siku tisa,
ya kumi wakabisha hodi kwa Bi Nakijwa
wameshikana mikono.

Ndipo nami nikaitwa.
Kamati, watu watano, maji ya chupa.
Mwalimu akasema: komeo nililikuta.
Nikafungua kitabu changu cha risiti,
kurasa zina mafuta ya chapati,
nambari mia mbili na sita:
komeo moja, ndani, chumba cha saba,
jina lake, sahihi yake, tarehe.
Nimetengeneza vitanda, majeneza, mimbari ya kanisa la Kiboriloni,
nimebeba magogo mabichi kwa bega hili;
sijawahi kuinua kitu kizito kama ukurasa ule.
Maana chini ya sahihi yake
palikuwa na yangu.

Sasa nakata mlango wa saba.
Vumbi la mkangazi lina harufu tamu, halina haya.
Komeo nimeling'oa. Yamebaki matundu manne.
Msimamizi anasema, "Ziba, fundi, piga vanishi, pasionekane kitu."
Nasema nitaziba.
Sijaziba.

Kupitia kioo kipya namwona Aikande
akipita koridoni na begi lake, anaongea na simu,
anabishana na mtu juu ya bei ya mkaa.
Hatazami huku.
Hadaiwi kutazama huku.

Nakunja magazeti.
Vimebaki vioo thelathini na vinne.