Kinoo

Mtawa amepanga nyumba kule Section 58,
geti la bati, viatu nje, mikeka saba.
Jumamosi tunakaa kimya: muuguzi wa zamu ya usiku,
mjane Nasambu, kijana wa kadi za simu,
na mimi, mnoa visu, mwenye baiskeli isiyokwenda popote.

Juma lililopita alisema zipo biashara tano mtu asizifanye.
Ya kwanza, silaha.
Akanyamaza. Heroe wakapita juu ya paa kuelekea ziwani.
Sikuuza, nikajitetea moyoni.
Nilinoa tu.

Januari ile, Bondeni, moshi wa matairi
umeifuta Menengai yote,
foleni yangu ilifika hadi kwa fundi viatu.
Shilingi hamsini ikawa mia mbili,
na hakuna aliyeomba kupunguziwa.
Baba Tito alileta mapanga manne.
Ng'ombe wake nawajua: wawili, mmoja kipofu.
"Majani yamekomaa mwaka huu," akasema,
akilitazama gurudumu.
Nami nikalitazama gurudumu.
Nikakanyaga.

Ndiyo kesi yangu hiyo, mwalimu.
Sikumkata mtu. Sikumchukia mtu.
Jioni nilinunua unga, sukari, mafuta ya taa,
watoto wakalala wameshiba.
Nia njema ni tabibu, tuliimbishwa shuleni;
hatukuambiwa nia iliyoinamisha macho
inatibu nini.

Leo nimembebea kinoo chenyewe
ndani ya gunia la mbolea,
nikakilaza mbele yake kama maiti.
Hakuniita muuaji.
Laiti angeniita! Ningebishana,
na ugomvi ungenipa usingizi.
Wala hakusema nimesamehewa.
Aliuliza tu: "Yale makali yako wapi sasa?"

Sijui.
Labda yanakata majani.
Labda yamelala uvunguni mwa kitanda cha mtu
yakihesabu miaka mpaka kura nyingine.
Mapanga manne. Na yale ya foleni nzima.

Akaingia jikoni, akarudi na papai
na kisu butu kisichomtisha hata nzi.
"Noa," akasema. "Ila usikitazame kinoo.
Mtazame atakayekishika."

Nikakibana kinoo kwa magoti, nikakimwagia maji,
nikaanza, macho yangu usoni pake:
kovu dogo juu ya nyusi, ndevu ambazo hazijanyolewa vizuri.
Miaka yote hii ya kazi
sijawahi kumwona mteja.

Nikajikata kidole gumba.
Nasambu akakifunga kwa leso yake,
tukala papai.